Uwanja wa Ndege wa Faradji

Kama kuna mtu mjini Gisenyi ambaye usingemdhania hata kidogo kwamba siku moja atafuga majani, basi ni Faradji fundi cherehani. Bwana huyu alikuwa adui wa jani. Uwanja wake wa nyuma ni mchanga mweusi wa volkeno, umezungukwa na ukuta wa mawe meusi kama nyua zote za mtaa ule, na yeye aliufagia asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya magharibi. Jani likithubutu kuchungulia kwenye ufa, alilinyofoa kwa vidole viwili, kama anavyonyofoa uzi uliokosewa kwenye koti la bwana harusi. Mkewe alikuwa akimtania kwamba hata peponi kitu cha kwanza atakachouliza ni ufagio uko wapi.

Mkewe anaitwa Mukantwari, lakini ukifika mtaani ukauliza Mukantwari, watakuuliza yupi. Uliza Mama Mahoro, utapelekwa hadi mlangoni. Alizaliwa Kanama, milimani, kwa wakulima wa viazi na maharage. Akaolewa mjini na Faradji, akashika Kiswahili cha mumewe na dini ya mumewe, kisha akamzidi katika vyote viwili. Kwa miaka mingi alivuka mpaka asubuhi kwenda Goma, upande wa Kongo, na kurudi jioni na robota la vitenge kichwani. Alitembea katikati ya njia na watu walimpisha. Sauti yake ilifika nyumbani kabla yake. Faradji, kwa upande wake, ni mtu ambaye siku nzima kinywa chake kina pini, kwa hiyo mke aliongea kwa niaba ya wote wawili, na nyumba ikaenda vizuri.

Halafu Mama Mahoro akaanguka. Aliteleza kwenye ngazi za mawe karibu na soko, na robota lake kichwani, akavunjika mfupa wa paja juu kabisa, karibu na nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akatiwa skrubu mfupani, akarudishwa nyumbani na kifaa cha chuma cha miguu minne cha kushikilia wakati wa kutembea. Siku ya kuagana, daktari alimvuta Faradji pembeni akamwambia waziwazi kwamba mfupa umeshikwa imara na dawa zimemaliza kazi yao. Mama akianza kutembea sasa, atatembea. Akilala mpaka mvua hizi ziishe, nyonga itakaza, misuli italegea, na hatainuka tena.

Basi Mama Mahoro akalala.

Maumivu hayakuwa sababu. Faradji, aliyeishi naye tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alijua kilichomo. Mwanamke aliyezoea kupishwa njiani hakutaka kuonekana akisukuma chuma kama mtoto anayejifunza kusimama. Aligeukia ukuta. Wageni walikuja, akafumba macho mpaka wakaondoka, na kidogo kidogo wakaacha kuja. Kile chuma kilisimama kwenye kona ya chumba, na yeye akakigeuza kitundikio cha vitambaa vyake vya kichwa. Faradji alimbembeleza, akamnunia, akamletea sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, ambazo zamani angezimaliza kabla hazijapoa. Alikula mbili tatu, akashukuru, akageukia ukuta. Nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba cherehani ilisikika kama trekta, na Faradji alianza kuona uchungu wa kurudi nyumbani kwake mwenyewe.

Asubuhi moja alimwaga maji ya kusuuzia nguo dirishani, uvivu ambao zamani asingeufanya, maji yakatuama kwenye kibonde uwanjani. Alikuwa akifunga pazia aliposikia sauti nyuma yake.

"Inje iko inyamanza?"

Faradji hakugeuka haraka. Ilikuwa muda mrefu mke wake hajauliza swali lolote. "Mi sijue inyamanza," alisema. "Iko kandege kamoja, keusi na keupe. Kako natingisha mukia."

"Ni yo. Nimesikia sauti yake. Kwetu Kanama mutu haiue. Ikikuja kwa nyumba, ni amani."

Na akageuza kichwa. Mabega yalibaki yakitazama ukuta, lakini kichwa kiligeuka, akamtazama yule ndege akitembea kwenye kidimbwi na kutingisha mkia wake kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Ndege aliporuka, kichwa kilirudi mahali pake.

Faradji ni fundi, na fundi huanza na kipimo. Kichwa kimegeuka, alijisemea, basi na mwili utafuata kama sababu zikiwa nyingi. Akaenda kutafuta sababu.

Mwanzo wake ulikuwa wa aibu. Alimwaga sahani nzima ya mchele, akavuta kiti, akasubiri. Walikuja kuku wa Wellars, jirani aliyehamia karibuni kutoka milimani, wakaja wote na jogoo wao, na jioni akaja panya. Mama Mahoro hakugeuza hata jicho. Faradji akampigia simu binti yao, Mahoro, ambaye ni mwalimu Kigali na anajua mambo ya viumbe.

"Baba, hiyo umefanya ni harusi," Mahoro alimwambia. "Ndege haitake harusi. Inataka maji, inataka maua, inataka fasi ya kujificha. Na we uache kufagia."

"Kuacha kabisa?"

"Kabisa, Baba."

Hapo ndipo unapojua mapenzi ni nini. Kuna wanaume wanaonunua dhahabu. Faradji alitundika ufagio. Siku za kwanza alipita uwanjani akitazama pembeni, kama mtu anayemkwepa mdai wake. Majani ya ndizi ya jirani yakaanguka yakabaki pale pale. Nyasi zikatoka kwenye nyufa, zikaona hakuna anayezikataza, zikaitana. Aliingia ndani na mikono ikimwasha, akapiga pasi nguo ambazo zilikuwa zimeshapigwa pasi.

Kisha akapanda basi dogo kwenda Kanama, kwa shemeji yake Niyomugabo. Alipokelewa vizuri, akapewa ikivuguto, maziwa ya mgando, na viazi, na ilipofika saa ya kusema shida yake akasema amekuja kuomba umutongotongo. Huo ni mmea mrefu wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kwenye bua ghorofa kwa ghorofa, na watoto wa milimani hunyonya maji yake matamu. Wakulima wenyewe huung'oa shambani na kuutupa. Niyomugabo alimtazama shemeji yake wa mjini, mwenye suti na viatu vilivyong'arishwa, akadhani hakusikia vizuri.

"Unataka magugu?"

"Nataka na mizizi yake," alisema Faradji.

Ukoo mzima ulicheka mpaka mama mkwe akatolewa ndani aje asikie. Lakini Niyomugabo aliuliza ni ya nini, Faradji akamwambia ni ya dada yako, na baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Walimchimbia miche mingi na udongo wake, wakamwongezea na vichaka viwili vya matunda madogo ambayo ndege hupenda. Faradji aliifunga kwenye mfuko mrefu wa kubebea suti, akashuka hadi Mahoko, akapanda moto, yaani pikipiki. Dereva alimuuliza bwana harusi ni nani.

Aliipanda uwanjani kwake, na haikuchukua muda mrefu kushika, maana udongo wa pale ukichanganywa na mvua huotesha hata kijiti cha kiberiti. Faradji aliweka beseni pana lenye jiwe jeusi katikati, jiwe likitokeza juu ya maji ili ndege wadogo wasimame. Kwenye tawi alifunga mfuko wa wavu wenye vipande vya nyuzi na pamba, kwa wale wanaojenga. Mahoro alimwonya kwenye simu kwamba uzi mrefu hufunga miguu ya ndege, basi kila jioni Faradji alikaa akikata nyuzi fupi kama ukucha. Alikata kwa uangalifu kuliko anavyokata kola.

Na ndege wakaja. Kwanza inyamanza na mwenzake. Kisha wale wafumaji wa manjano wenye kelele, ambao walichukua nyuzi za Faradji na kuzitia kwenye viota vyao mpaka akatambua bluu ya sare za shule ikining'inia kwenye mgomba wa Wellars. Kisha, siku umutongotongo ulipofungua ghorofa yake ya kwanza, akaja chozi dume, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda na kifua kinachometameta. Akaning'inia kwenye ua kichwa chini.

"Umununi," alisema Mama Mahoro, na akageuka mwili mzima. Kitanda kililia. "Baba Mahoro, ni umununi. Tangu nitoke kwetu sijaona hii ndege karibu hivi."

Faradji alikuwa na pini kinywani na nusura azimeze. Siku hiyo hiyo alisukuma kitanda mpaka dirishani, na mke hakukataa. Toka hapo mambo yakabadilika. Mama Mahoro alikaa akiegemea mito. Alikula. Aligombana na wafumaji kwa Kinyarwanda, akawaambia wana kelele kama wanawake wa barriera, pale mpakani. Alimfundisha mumewe majina, lakini majina hayakukaa kichwani mwa Faradji, kwa hiyo yeye aliwaita ndege kwa mavazi yao. Inyamanza alikuwa Kaunda Suti. Chozi alikuwa Satini. Na kulikuwa na mmoja wa kijani, mnene, mwenye mabaka, aliyependa kutua kwenye beseni mapema na kutazama huku na huku kabla ya kunywa. Huyo Faradji alimwita Militaire, yaani mwanajeshi.

Dirishani hakukuonekana kona ya mbali ya uwanja, kule kwenye vichaka. Kwa hiyo Faradji alikaa kwenye kizingiti cha nje na jumelle, darubini ya zamani aliyoletewa na mteja wa Goma, akawa anamtangazia mkewe kwa sauti kila anachokiona. Mtu wa maneno machache akawa redio.

Sasa, ungedhani ameshinda. Hata yeye alidhani. Lakini siku moja alikitoa kile chuma kwenye kona, akavua vitambaa, akakiweka karibu na kitanda. Mama Mahoro alikitazama, akamtazama yeye, akageukia dirisha.

"Rudisha hiyo. Mi naona muzuri kwa hapa."

Faradji alikirudisha. Jioni ile alikata nyuzi zake bila kuona anachokata. Alikuwa amemjengea mke wake dirisha zuri hivi kwamba hakuwa na haja ya mlango. Na mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, na maneno ya daktari hayakuwa yamesahauliwa na mtu.

Tumrudie Wellars. Wellars ni mtu mwema, mwenye bidii, na anashiriki katika ulinzi wa mtaa kwa moyo wake wote. Lugha yake ni Kinyarwanda. Kiswahili alikuwa anakiokota hapa na pale tangu ahamie mjini. Na katika Kinyarwanda, huyu anayeruka na kutaga mayai ni inyoni. Indege ni ile ya chuma, inayobeba watu. Hebu jiweke nyuma ya ukuta ule, asubuhi, mji wenyewe uko mpakani, halafu umsikie mzee mwenye jumelle akitangaza kwa sauti:

"Ndege mbili zimetua. Ya tatu iko nazunguka. Bon, Militaire imefika, imetoka upande wa Goma. Iko pekee yake leo."

Na sauti ya mwanamke asiyeonekana ikimjibu kutoka ndani:

"Angalia muzuri, Baba Mahoro. Jana zilikuwa mbili."

Wellars alisikiliza siku kadhaa, usingizi ukamruka, na mwisho akapiga moyo konde akaenda kwa kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wao. Kiongozi huyo ni Mukabera, mama wa makamo aliyezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Wakaja wote wawili, asubuhi, kupitia mlango mdogo wa nyuma.

"Shikamoo, Mzee Faradji," alisema Mukabera. Alikuwa amevaa uso wa kazi. "Samahani kwa kuja bila taarifa. Nimeambiwa hapa kuna watu wanahesabu ndege za jeshi."

Faradji alitoa pini kinywani moja moja, akazichomeka kwenye kola yake. "Marahaba. Ndege iko. Lakini ya militaire ni moja tu."

Mukabera na Wellars walitazamana.

"Moja. Na inatua wapi?"

"Hapa." Faradji alionyesha beseni. "Inakuja asubuhi, inakunywa maji, inaoga, inarudia Goma."

Uso wa kazi ulianza kulegea pembeni. "Inaoga," alisema Mukabera taratibu. Na kwa kuwa ndege hawajui shughuli za serikali, Kaunda Suti akashuka ukutani, akatembea hadi kwenye beseni, akatingisha mkia mbele ya kamati yote. Mukabera alishika ukuta. Alicheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalegea, akamweleza Wellars kwa Kinyarwanda, na Wellars akaona haya hadi masikioni.

"Mi nasikia indege, indege," alijitetea. "Mi nafanya kazi yangu, muzee."

"Na wewe mzee una kosa," alisema Mukabera akifuta macho. "Kwa nini husemi ndege wawili wametua? Ukisema ndege mbili zimetua, hata mimi ningekimbia kuita askari. Viumbe wana 'wa' yao."

"Kwetu ndege yote ni zimetua," alisema Faradji. "Ya manyoya, ya moteri, yote."

Laiti wangeondoka wakati ule wakicheka. Lakini jicho la Mukabera, likishamaliza kucheka, likaanza kutembea. Lilipita kwenye nyasi, likapita kwenye majani makavu, likafika kwenye kona ya vichaka vilivyosimama kichwa kwa kichwa na mtu mzima, likaishia kwenye beseni. Aliinama akatazama maji. Ndani yake mlikuwa na viluwiluwi vya mbu, vichache, vikijipindapinda.

"Mzee wangu," alisema, na sauti ilikuwa imerudi kazini, "hiki ni kichaka. Kuna mbu ndani ya maji na kesho kutwa kutakuwa na nyoka. Nimewaambia watu wa mtaa mzima wafyeke, nikasimama juu yao mpaka wakafyeka. Nikikuachia wewe, kila mtu ataniambia magugu yake ni ya ndege. Jumamosi ni umuganda, mtaa mzima uko kazini. Vijana watakuja kukusaidia kukata vyote, na beseni liondoke."

Faradji alifungua kinywa. Hakikuwa na pini, na hakikuwa na neno pia. Alitaka kusema kwamba kile si kichaka, kwamba pale ndipo mke wake alipoanzia kula, kwamba wakikata umutongotongo atageukia ukuta na safari hii hatageuka tena. Unasemaje jambo hilo mbele ya Wellars?

"Nani iko nasema mambo ya kukata?"

Ilitoka dirishani, na ilikuwa ile sauti ya zamani, ya kutoka Goma, iliyokuwa ikifika kabla ya mwenyewe. Wellars alirudi nyuma hatua moja.

"Ni mimi, Mama Mahoro," alisema Mukabera. "Habari za kuumwa?"

"Wacha mambo ya kuumwa. We unajua ile inakatwa ni nini? Ile ni chakula. Wellars, we mutu wa Kanama kama mimi, umesimama hapo, umeshindwa kumwambia umutongotongo ni nini?"

Wellars alitazama buti zake. Mukabera alisikiliza, kisha akasema kwa adabu, lakini bila kusogea:

"Mama, tunaheshimiana. Ila mambo ya mudugudu hayaongelewi dirishani. Mwenye nyumba akiwa na neno, hutoka, akasimama na mgeni wake. Kama hutoki, basi nimeongea na mzee, na mzee hajapinga."

Mtaani bado wanabishana kama Mukabera alisema vile kwa ukali wa cheo au kwa akili. Mwenyewe ukimuuliza anabadilisha mazungumzo. Ilivyo ni kwamba kwa desturi ya pale alikuwa amesema kweli tupu: kumjibu kiongozi kupitia dirishani, naye amesimama uani kwako, ni kumfukuza. Mama Mahoro alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Ndani shuka zikavutwa. Halafu kitanda kikalia. Halafu Faradji akasikia vitu laini vikianguka sakafuni, kimoja baada ya kingine, akachelewa kuelewa kwamba ni vitambaa vya kichwa. Alikimbilia mlangoni.

"Usiniguse," alisema Mama Mahoro.

Alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa imeshika kile chuma na jasho lilikuwa limeshamtoka. Alikuwa mdogo kuliko Faradji alivyomkumbuka, na kitenge alichojifunga kilikuwa kichwa chini, maua yakitazama sakafu. Faradji alisogea pembeni. Chuma kikatangulia, mguu mmoja ukafuata, ule wa pili ukaburutwa. Kizingiti kilikuwa kirefu kama mlima. Kichwa cha mke wa Wellars kilikuwa kimetokeza juu ya ukuta, na pembeni yake vichwa vingine viwili, maana mtaa ule hauna siri. Yale yote aliyokuwa akiyakimbia miezi ile yalikuwa yamekusanyika pale asubuhi moja, na yeye aliyapita bila kuyatazama, akavuka uwanja mzima mpaka vichakani. Wellars, Mungu ambariki, alivua kofia.

"Bon," alisema Mama Mahoro alipopata pumzi. "Njoo uone."

Akamwonyesha kila mmea, na nani anakula nini. Akamwonyesha kiota kilichofumwa kwa uzi wa sare. Nyoka, alisema, hukaa kwenye takataka na mawe yaliyorundikwa, na yaliyorundikwa ni ya Wellars, aulizwe. Mukabera alisema kichaka kinaonekana vibaya. Hapo Faradji akapata sentensi yake, moja tu ya siku ile, lakini ilikuwa ya kazi yake.

"Nguo bila upindo inaonekana imechanika," alisema. "Nitaweka upindo ya mawe kuzunguka yote. Itaonekana imeshonwa."

Mukabera alifikiri, akakubali. "Na maji?"

"Yatamwagwa kila asubuhi," alisema Mama Mahoro, "na beseni isuguliwe."

"Nani atamwaga?"

Faradji alifungua kinywa aseme ni yeye.

"Mimi," alisema Mama Mahoro.

Mukabera alitazama chuma, akatazama umbali kutoka mlangoni hadi kwenye beseni. "Kila asubuhi, mama?"

"Kila asubuhi. Ukipita ukute ni mutu mwingine namwaga, leta vijana wako, wakate."

Wakapeana mikono. Mukabera alipokuwa akitoka alisema sasa atalazimika kuandika kwamba mtaa wake una uwanja wa ndege, na vichwa vya juu ya ukuta vikacheka vikashuka.

Faradji alileta kiti, mke akakaa pale pale nje. Kwa kelele zile ndege walikuwa wamekimbia wote, hata wafumaji. Walikaa wawili wakitazama majani matupu.

"Baba Mahoro. We hata ndege huipendi."

"Sasa naipenda kidogo."

"Kwa nini hukuniambia ulikuwa unatengenezea mimi?"

"Ungekataa," alisema.

"Ningekataa," alisema Mama Mahoro, na akaweka mkono wake juu ya goti la mumewe, mbele ya mtaa mzima kama kulikuwa bado na mtu anayechungulia.

Kesho yake Faradji aliamshwa na kitanda kulia. Nje kulikuwa kumepambazuka. Alisikia chuma kikigonga saruji, kikinyamaza, kikigonga tena, kisha mlango, kisha ule ukimya mrefu wa kizingiti ambao ulimfanya ang'ate shuka. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kuinuka. Lakini alijua akitokea tu, atampokea beseni. Basi akafunga macho na kujifanya amelala, machozi yakimwingia masikioni, mpaka aliposikia maji yakimwagika juu ya mchanga, na sauti ya mkewe ikimuuliza Militaire mbona leo amechelewa.